Nimewaalika Kula Waliojenga Mfumo wa Kompyuta Zangu, Kumbe Nimeshaufuta

Mshauri wetu Mutindi, nisaidie kabla wageni hawajafika.

Naandika nikiwa ndani ya saiba yangu, duka la kompyuta na intaneti, hapa soko la Matiliku, mteja mmoja ananingoja nimchapie kadi za harusi na nimemwambia karatasi imekwama, haijakwama hata kidogo, ila nimeona nikuandikie kwanza kwa sababu nimealika watu nisiowajua waje kula kwangu Jumamosi ya wiki ijayo, nimewaalika kwa ajili ya kazi kubwa waliyonifanyia, na ile kazi yao nimeshaifuta yote kwa mikono yangu mwenyewe. Nacheka na kuogopa kwa wakati mmoja. Jina langu usilifiche, kwa maana hapa Matiliku mwanamke anayechekelea kompyuta ni mmoja tu, hata ukiandika "msomaji kutoka Makueni" watajua ni mimi.

Mimi ni Kasyoki, mke wa Musyimi, mkulima wa maembe na ndengu. Saiba yangu ni ndogo, kompyuta nne za mitumba, wateja wangu ni watu wa programu za mazishi, kadi za harusi, mitihani ya shule na vyeti vya serikali. Miaka yote hiyo sikuwahi kujua kwamba ndani ya kompyuta kuna mfumo unaoiamsha na kuiendesha na kwamba huo mfumo unaweza kutolewa ukaingizwa mwingine, mimi nilidhani ile sura inayotokea ukiiwasha ndiyo kompyuta yenyewe. Basi mashine zikazeeka, zikawa nzito, unabonyeza kitu unaenda kununua sukuma wiki unarudi bado inafikiria, kisha moja ikaniandikia kwamba mfumo wake hautunzwi tena na mashine haiwezi kubeba mpya, ninunue kompyuta nyingine, na mimi hiyo nyingine ningeitoa wapi, nikakaa pale nikalia kidogo nikifikiri saiba imeisha.

Ndipo mwalimu mmoja anaitwa Kyule, aliyekuwa amehamishiwa shule ya kule Nuu, akaja kuniaga na kuniachia flashi.

"Madam, hii inaitwa Linux," akaniambia. "Ni ya bure, na si ya wizi. Chomeka tu uangalie. Haitagusa kitu chako mpaka wewe mwenyewe ukubali."

Mshauri, nikachomeka. Maandishi meupe yakashuka kwa kioo mbio mbio kama siafu, nikashika kifua nikijua nimeharibu, halafu kukawa giza, halafu kioo kikafunguka kizima, kisafi, kina picha ya mlima, na ile mashine iliyokuwa imeambiwa imekufa ikaanza kunisikiliza, nikibonyeza inafungua, nikibonyeza inafungua, mpaka nikatoka nje kumwita mama wa mboga aje aone. Nikaingia kila mahali, nikafungua kila kabati, nikakuta mahali pa kuchora, mahali pa kuandikia, karata, na kinanda unachopiga kwa vidole vya kuandikia, nikapiga wimbo wa kanisa mpaka wateja wakaimba. Nikakubali. Nikaweka ule mfumo kwa kompyuta zote nne, na mimi niliuita Kijani kwa sababu ya rangi yake.

Wakati unajiweka, ulikuwa unaonyesha maneno ya kukaribisha, na mahali pamoja pakaandikwa kwamba huu mfumo umejengwa na watu wa kujitolea kutoka kila upande wa dunia, kila mmoja akileta kazi yake, na ni wako bure, uutumie na umpe jirani. Hapo nikasimama. Nikasema, aiya, huu si mwethya? Wewe Mutindi ni mtu wa kwetu unajua, lakini kwa wasomaji wa mbali niseme kwamba mwethya ni kikundi cha kusaidiana, mnakuja na majembe yenu mnachimba matuta kwa shamba la mmoja wenu, kesho mnahamia kwa mwingine, hakuna anayelipwa, ila mwenye shamba lazima apike na watu washibe. Mwanamke akiita mwethya halafu watu warudi kwao midomo mikavu, hiyo habari inafika mji wa Wote kabla ya jioni.

Na mimi nilikuwa nimelimiwa kompyuta nne na sikuwa nimepika hata chai.

Basi hilo jambo likanisumbua roho, nikatafuta kwa intaneti mahali hao watu hukutana kuongea, nikakuta ni kama baraza, mtu anauliza mwingine anajibu, nikajiandikisha na nikaandika kwa Kiingereza changu na Kiswahili kidogo: mimi ni Kasyoki wa Matiliku, mmelima shamba langu na hamkula, naomba msamaha, njooni mle, kutakuwa na muthokoi na mbuzi. Nikajua basi hiyo imeisha, nimesema nililopaswa kusema. Kumbe walifurahi mno. Mmoja wa nchi ya baridi akauliza muthokoi ni nini, nikamwelezea ni mahindi yaliyokobolewa maganda yakapikwa na maharagwe ama ndengu, akaenda akajaribu na mahindi ya mkebe, akatuma picha, ilikuwa uji. Nikamwambia hapana, ndugu yangu, akarudia. Kwa muda wa wiki nzima watu wanaojua kutengeneza kompyuta walikuwa wakiniuliza mimi maswali ya sufuria, na mimi nikiwauliza ya kompyuta, na nilikuwa na furaha sijawahi kuwa nayo tangu nifungue hii saiba.

Sasa ngoja nikuambie makosa yangu.

Wakati nikiwa pale barazani nikagundua Kijani si peke yake. Mshauri, iko mingi. Uko mfumo wa mashine za zamani, uko wa watoto, uko wa watu wa muziki, uko wa watu wasiopenda hata kugusa kipanya, kila kitu wanaandika, na yote ni ya bure, na yote unaweza kuichomeka ukaangalia tu kisha ukaitoa, hakuna anayekuuliza. Nikawa siwezi kukaa. Naenda Makindu kwa duka la Barwaqo, yule mama wa Kisomali anayeuza simu na flashi, nanunua flashi, nakula chakula pale gurudwara, hekalu la Kalasinga, wanapolisha wasafiri bure, narudi nyumbani, napakua mfumo mwingine, nachomeka. Ile dakika kioo kinakuwa cheusi na hujui utatokea nini, mimi sijui niielezeje, tumbo linacheka. Mmoja ulikuwa na vifungo vyote juu, mwingine hauna kifungo hata kimoja nikatafuta mlango wa kutokea mpaka nikazima umeme. Mzee Ndolo anayekuja kusoma magazeti akaniambia, "Kasyoki, leo mumeweka wapi ile kitu ya kufungulia? Juzi ilikuwa chini." Nikamwambia imehama.

Halafu nikakutana na ule niliouita Zambarau. Nilisema naangalia tu. Lakini ulikuwa mwepesi ajabu, na mzuri, na kompyuta yangu ile mbovu kabisa ikaamka na Zambarau kabla sijakaa vizuri kwa kiti, na mimi kwa ile furaha, sikumwambia mtu, nikahamisha kazi za wateja kwa flashi, nikafuta Kijani kwa mashine zote nne nikaweka Zambarau. Kuna maandishi madogo yalipita pale wakati unajiweka, kwamba umejengwa juu ya kazi ya wale wa Kijani na wanawashukuru, nikasoma haraka nikapita, nilikuwa nataka kuona picha.

Na wiki hiyo hiyo, nikiwa bado nachekelea Zambarau, ukaja ujumbe kutoka kwa mtu wa Kijani. Nakuandikia kama ulivyo:

"Dada Kasyoki, mimi ni Farhiya. Nimezaliwa Garissa, sasa naishi Nairobi. Kazi yangu kwa huo mfumo ni kuutafsiri kwa Kisomali, nafanya nikitoka kazini. Watu hunishukuru, lakini hakuna mtu amewahi kunipikia. Tunaenda mkutano Mombasa na wenzangu, tumejaa gari moja, tutaacha barabara tuje kwako Jumamosi. Hatutaki mambo mengi. Tunataka tu kuona kazi yetu ikitumika."

Soma hilo neno la mwisho, mshauri. Nililisoma nikaangalia zile kompyuta nne, zote zambarau, na nikahisi kama mtu aliyeita mwethya waje kula kwa shamba ambalo matuta yao ameyasawazisha na ng'ombe akaita wengine wachimbe upya.

Kisha kuna Baba Kaluki, yaani Musyimi mume wangu. Yeye huko mwanzo hakuwa na shida na kompyuta. Wakati wa Kijani alikuwa ananiletea chakula cha mchana mwenyewe kwa miguu kutoka nyumbani, na tukimaliza kula anakaa kwa ile mashine ya dirishani, kulikuwa na programu ya nyota, unaiambia uko wapi inakuonyesha mbingu ya mahali pako, akaiambia Matiliku, akatafuta mpaka akaipata Kilimia, zile nyota ndogo zinazokaa pamoja, ambazo nyanya yake alikuwa akimwonyesha kabla ya msimu wa kupanda. Alikuwa anairudisha miaka nyuma kuona nyanya yake alikuwa akiangalia nini. Siku hizi haji. Chakula anampa mtu wa bodaboda alete, anasema ana kazi kwa shamba, na hii si wakati wa kazi kwa shamba. Nilipomwambia kuhusu wageni na mbuzi akakataa kabisa.

"Mama Kaluki, hao watu umewaona na macho?"

"Sijawaona, lakini kazi yao si umeiona?"

"Ile umefuta?" akauliza. Nikanyamaza. Akasema, "Basi wapikie kwa kompyuta wakule huko."

Ikawa mbaya zaidi niliposema maneno ya Barwaqo. Barwaqo aliniambia, "Dada, hao wageni ni Waislamu, ama huyo mmoja ni Muislamu. Mbuzi ikichinjwa na bwana yako hatakula, atakuambia tu ameshiba. Ndugu yangu Adan anafanya biashara ya mifugo, atakuja kuchinja, ni kazi kidogo." Nikampelekea Musyimi hayo maneno. Akasema, "Mbuzi yangu, kisu yangu, kwa boma yangu, na mtu atoke Makindu anichinjie?" Akaenda kuangalia maembe.

Sasa nimebaki na njia tatu. Ya kwanza, nirudishe Kijani kwa zile mashine kwa siku moja tu, wageni waone, wale, waende, halafu nirudishe Zambarau. Ya pili, niwaambie kumetokea msiba wasije. Ya tatu ni kusema ukweli, na hiyo naiogopa, kwa sababu yule dada amesema hakuna aliyewahi kumpikia na mimi wa kwanza kumpikia ndiye nimemfuta. Na nikuambie lingine, usinicheke, kwa droo yangu hapa kuna flashi yenye mfumo mwingine kabisa ambao sijauchomeka, watu wanasema ukiufungua unatokea na samaki, na mkono unaniwasha hata sasa. Je, mimi nina ugonjwa?

Musyimi husoma ukurasa wako kila wiki akijifanya anasoma mpira, kwa hivyo jibu ukijua atasoma.

Wako,
Kasyoki, Matiliku

MUTINDI ANAJIBU

Kasyoki, kwanza mchapie huyo mtu kadi zake za harusi. Karatasi haijakwama.

Barua yako nimeisoma hapa ofisini kwa sauti, na mhariri wetu, ambaye hacheki mpaka kuwe na kikao, ameomba arudiwe ile sehemu ya muthokoi wa mahindi ya mkebe. Kwa hivyo kabla sijakugombeza, pokea asante. Na ugonjwa huna. Wewe ni mtu aliyekuwa na mlango mmoja maisha yake yote akaonyeshwa kwamba nyumba ina milango mingi na hakuna mlinzi. Mtu huyo asipokimbia akifungua na kufunga, basi huyo ndiye wa kupelekwa hospitali.

Sasa nikugombeze. Uliahidi mbuzi ambaye si wako peke yako, kwa watu wa dunia nzima, kabla ya kumwambia mumeo. Mwanamke wa Kikamba aliyelelewa na mama yake anajua mbuzi hawatangazwi hivyo. Ulitangaza barazani kwanza, nyumbani baadaye. Hapo umekosa na utasema umekosa, na utasema kwa mdomo, si kupitia gazeti.

Njia yako ya kwanza naifunga. Hutarudisha Kijani kwa siku moja. Unataka kuwavalisha kompyuta nne nguo za kuazima halafu ukae mbele ya yule dada ukimwekea nyama, ukiwa umesimama kati yake na mashine ili asibonyeze pabaya? Hao ni watu wanaojenga hivyo vitu. Watajua kabla ya kunawa mikono. Njia ya pili pia naifunga, kwa sababu msiba wa uongo hutafutiwa marehemu, na Matiliku ni ndogo.

Imebaki ya tatu, unayoiogopa, na unaiogopa kwa sababu hukusoma barua yako mwenyewe. Umeniandikia kwamba Zambarau ilikuambia imejengwa juu ya kazi ya wale wa Kijani na inawashukuru. Uliyasoma hayo maneno ukapita ukitafuta picha. Rudi uyasome. Shamba la Farhiya hukulisawazisha, mama. Matuta yake yako pale pale chini, wenzake wamekuja wakaongeza yao juu. Anajua hilo kuliko wewe. Kabla hajatoka Nairobi mwandikie hivi: nilikuwa na Kijani, nikahamia Zambarau kwa furaha, na kesho sijui nitakuwa wapi, lakini sahani yako iko pale pale. Kama ni mtu wa aina ninayomfikiria, atakuuliza Zambarau ina nini kizuri, na mtachelewa kula.

Na jambo lingine umeliandika bila kulisikia. Wewe huenda Makindu, unakula gurudwarani, unanawa, unaenda zako. Kuna siku waliokuwekea chakula walikuuliza kama jana ulikula hotelini? Wamewahi kukukasirikia kwa sababu wiki iliyofuata hukupita? Wanapika kwa sababu wamependa kupika na msafiri ana njaa, basi. Hawa watu wa kompyuta ni hivyo hivyo. Kitu wanachopeana hakina kamba ya kukufunga, na wewe umejifunga mwenyewe kisha unaniomba mimi nikufungue.

Lakini usifikiri umetoka bure kabisa. Umeuelewa mwethya nusu. Umeshika ule upande wa sufuria ukasahau upande wa jembe. Kumpikia mtu mchana mmoja ni adabu tu. Mwethya wenyewe ni wewe kubeba jembe lako siku ya mwenzako. Farhiya akitoka kazini amechoka hukaa akatafsiri ule mfumo kwa Kisomali, ili mtu wa kwao Garissa akiufungua akute lugha yake. Je, wewe ulipofungua zile kabati zote ulikuta Kikamba? Nauliza kwa sababu hukusema, na mtu wa kelele kama wewe angekikuta angenijulisha. Jumamosi, mkishakula, mwambie akuonyeshe jinsi ya kuanza. Utagombana na nusu ya Matiliku kuhusu neno la kuhifadhi kazi, na watu wa Kitui wataandika kutoka Nuu na Mwingi kusema hicho si Kikamba, ni cha Makueni. Wape majembe nao. Mwalimu Kyule yuko huko huko Nuu, ndiye aliyeanzisha haya, mpe la kwanza.

Kuhusu flashi yenye samaki, ichomeke. Lakini kuanzia leo una sheria. Mashine tatu ni za wateja na haziguswi, Mzee Ndolo akute kitu cha kufungulia pale alipokiacha jana. Ya nne ni yako ya kuchezea, iharibu utakavyo. Mtu mzima anaweza kuwa na furaha bila kuhamisha milango ya watu wengine.

Sasa nifike kwa lile lililonifanya niiweke barua yako chini nikavua miwani.

Umejaza kurasa ukiwaogopa watu ambao hujawahi kuwaona, kwamba umefuta kazi yao. Kasyoki, kuna mtu mmoja kweli uliyemfutia kitu. Alikuwa anakuletea chakula mwenyewe, kwa miguu, kila mchana. Mlikuwa mnakula pamoja, halafu anakaa dirishani anatafuta mbingu aliyoonyeshwa na nyanya yake. Siku moja amekuja na sahani akakuta mashine ya dirishani ni zambarau na nyota hakuna, na wewe unaruka ruka ukimwonyesha vifungo. Hakusema kitu. Wanaume wa kwetu wanaweza kugombania mbuzi mwezi mzima, lakini kusema "umenifutia nyota za nyanya yangu" hawawezi, ulimi unakuwa mzito. Ndiyo maana chakula kinakuja na bodaboda. Ndiyo maana alikuuliza swali moja tu, "Ile umefuta?", na wewe ukanyamaza. Alikuwa haulizi habari ya wageni.

Basi leo, kabla ya kupika chochote, fanya hivi. Ile programu ya nyota haikuwa ya Kijani peke yake. Nimeuliza wanaojua, nayo ni ya bure kama hayo mengine, na Zambarau inaipokea. Iweke kwa mashine ya dirishani. Iambie Matiliku. Itafute Kilimia uiache pale wazi kwenye kioo, na hiyo iwe moja ya zile tatu zisizoguswa na mtu, wewe ukiwa wa kwanza. Kisha nenda nyumbani kwa miguu yako, mwambie umekosa, mwambie na neno la mbuzi pia, na umwambie kuna kiti chake.

Kwa wageni, Adan aje achinje, na hilo lisilete vita, kwa sababu mgeni huwekewa anachoweza kula. Lakini mbuzi achaguliwe na Musyimi, Adan akishamaliza na kisu chake mbuzi achunwe na Musyimi, achomwe na Musyimi, na Farhiya ajue amechomewa na nani. Muthokoi nenda uupike wewe, na umtumie picha yule wa nchi ya baridi ili aone kosa lake.

Na wewe Musyimi, ambaye umefika hapa ukitafuta matokeo ya mpira, ukurasa wa mpira uko nyuma na timu yako imefungwa. Mkeo alikufutia bila kujua, na wewe ukaacha kuja kula naye bila kumwambia sababu, kwa hivyo mko sawa. Kilimia haikwenda popote. Kesho mchana mwambie huyo wa bodaboda apumzike, ubebe sahani mwenyewe, na ubebe mbili.

Mutindi